Punje Mia Nne za Mwamini

Mwamini Gharibu huhesabu mbegu kwa mafungu ya kumi kumi, na ukimsemesha akiwa amefika saba hakujibu. Anarudi kwenye moja. Huhesabu kwa Kindengereko, midomo ikicheza bila sauti, kisha huandika jumla kwa Kiswahili katika daftari lenye jalada la kijani. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima pale Mbuchi, kijijini kwake, yeye na sinia la bati, na kibano cha nyusi kilichonunuliwa kwa kazi nyingine kabisa, na punje mia nne za mpunga zilizokuwa zikipangwa mia mia juu ya karatasi iliyoloweshwa, ndani ya visahani vinne vya plastiki.

Nimeona mbegu zikijaribiwa sehemu nyingi. Katika delta ya Mekong nilimkuta mama mmoja akizikunja kwenye taulo lililoandikwa jina la hoteli. Kule Casamance bwana mmoja alitafuna punje tatu, akatema, akatoa hukumu. Lakini Mwamini ndiye aliyenifanya nirudi Kibiti mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kwa pikipiki, kwenye mchanga na kisha kwenye tope, ili nione visahani vikifunguliwa.

Ana miaka hamsini na mbili. Baba yake alikata boriti za mikoko, na mama yake alilima mpunga kando ya kijito ambako bahari huingia wakati wa bamvua. Mwamini alimaliza darasa la saba, akaolewa na Dadi, mvuvi wa kamba, akazaa watoto watano, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kumenya kamba na kupanda mpunga palepale alipopanda mama yake. Mpunga wenyewe ni wa asili. Wanauita Ringa, kwa sababu suke lake likijaa hujipinda kama mtu anayejionyesha barabarani. Wali wake si wa kusifiwa sana. Sifa yake ni moja: maji ya chumvi yakiingia shambani siku mbili tatu, mpunga mwingine hukauka, Ringa hubaki wima.

Mafuriko ya mwaka 2024 yalichukua karibu mbegu zote za Ringa. Yalipopungua, wanawake wa Mbuchi walizunguka nyumba kwa nyumba wakapata vikapu vinne. Walianzisha kikundi, wakakiita Tumerudi, wakapanda, wakavuna, wakapanda tena. Misimu miwili baadaye walikuwa na magunia thelathini na nane, ya kutosha kupanda Mbuchi yote na kugawia vijiji vya jirani. Kilichobaki ni kupimwa. Katika umoja wa vikundi vyao, mbegu haipewi lebo ya mbegu mpaka themanini katika mia ziote.

Mpimaji wa Mbuchi alichaguliwa kwa kura, na Mwamini akazipata zote isipokuwa ya kwake mwenyewe.

Umoja ulikuwa na wapimaji watatu. Mwamini wa Mbuchi. Abdulhalim wa Mohoro, fundi cherehani wa zamani mwenye macho makali na ulimi mkali zaidi. Na Nurdini wa Kibiti, kijana mwenye stashahada ya kilimo, ambaye maabara yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo la Bi Parin. Nurdini ndiye aliyeandika fomu yenye hatua kumi na moja ili wote watatu wafanye kazi kwa namna moja. Fomu ilisema maji kiasi gani, karatasi ya aina gani, siku ya tano hesabu ya kwanza, siku ya kumi na nne hesabu ya mwisho, mche upi ukubaliwe na upi ukataliwe. Hatua ya kwanza iliandikwa hivi: "Changanya sampuli vizuri, hesabu punje mia nne bila kuchagua."

Ili kujua kama fomu inafanya kazi, mwezi wa saba mwanzoni Nurdini alichota mbegu kutoka magunia yote ya Ringa, akazichanganya, akazigawa mafungu matatu, akampa kila mpimaji lake. Mbegu moja, njia moja. Walitarajia jibu moja.

Siku ya kusomwa majibu nilikuwapo. Walikaa nyuma ya duka, kati ya mabomba ya kunyunyizia dawa na ndoo za mbolea. Nurdini alisoma polepole.

"Mohoro, sitini na tatu. Kibiti, hamsini na nane." Akageuza karatasi. "Mbuchi, tisini na moja."

Abdulhalim aligeuza kiti chake kizima kumtazama Mwamini. "Dada, hizo mbegu umezisomea nini? Tupe na sisi tuzisomee."

"Nimezisomea fomu hii hii uliyonayo wewe. Labda yako umeishonea mfuko."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikukaa. Magunia yalikuwa ya kikundi cha Mwamini. Mpimaji aliyeona mbegu nzuri kuliko wenzake alikuwa mwenye mbegu. Hakuna aliyelisema, na kwa hiyo kila mtu alilisikia.

"Bi Mwamini," Nurdini alisema, "sisemi umeongopa. Nasema mbegu moja haiwezi kuwa na majibu matatu. Ikiwa na majibu matatu, hayo si majibu, ni maoni."

"Na kanuni inasemaje?" Mwamini aliuliza.

Alijua inavyosema, aliipigia kura yeye mwenyewe. Wapimaji wakitofautiana hivyo, mbegu haipiti, na ambaye jibu lake liko mbali na ya wenzake husimamishwa kupima. Ghala la kukodi lilikuwa likihitajiwa na wenyewe kwa msimu wa korosho, kwa hiyo wanachama walikuwa wameshakubaliana: kama lebo haitapatikana kufikia mwisho wa Agosti, magunia yote thelathini na nane yaende mashineni yakakobolewe. Ringa ingeishia kwenye pilau. Na Mwamini angerudi Mbuchi akiwa mwanamke aliyewapikia wenzake namba.

Alifunga daftari lake la kijani. "Njoo Mbuchi, mwanangu. Uone ninavyofanya, tangu mbegu inapoingia mlangoni. Ukiona pa kunikamata, nikamate hapohapo."

Nurdini alikwenda baada ya siku mbili, na mimi nyuma yake kwa pikipiki nyingine. Tulivuka daraja asubuhi, mikoko ikiwa imeinua mizizi yake juu ya tope. Nurdini alikuwa amebeba kipimajoto, mizani, chupa ya kupimia chumvi ya maji, na sampuli mpya ya Ringa ndani ya mfuko wa karatasi. Tulipopiga hodi na kukaribishwa, aliuweka mfuko chini, kando ya viatu.

"Usiweke mbegu chini," Mwamini alisema, akauokota yeye mwenyewe, akampa wifi yake Mashavu, naye akaondoka nao. Nurdini aliomba radhi. Wote tulidhani ni usafi tu.

Alianza na maji. Kisima cha Mwamini kiko hatua mia mbili kutoka kwenye kijito, na Nurdini alipoyaonja macho yalimng'aa.

"Yana chumvi."

"Yana chumvi maji yakijaa. Mimi huchota yakitoka. Hata hivyo, chumvi ikizidi mbegu huota zaidi au hupungua?"

Nurdini alifikiri. "Hupungua."

"Basi ningekuwa nimejiibia mwenyewe."

Karatasi ilikuwa ileile. Visahani vilevile. Kivuli cha kibaraza chake kilikuwa na joto la digrii ishirini na nane, tofauti ndogo mno na chumba cha Kibiti. Kisha wakafika kwenye kuhukumu miche, na hapo Nurdini alikuwa na uhakika atampata, kwa sababu wapimaji wengi huona jicho jeupe la mbegu likichungulia na kuandika kuwa imeota. Mwamini alimletea visahani alivyoviotesha kwa mazoezi, akachukua kibano.

"Huu nimeukataa. Mzizi umejikunja kama mkia wa nguruwe. Huu nimeukataa, una jani hauna mzizi. Huu je?"

"Huo ni mzuri," Nurdini alisema.

"Mzuri? Tazama shina linavyooza kwa chini. Huu shambani hauli siku tatu."

Nurdini aliutazama kwa lenzi yake kwa muda mrefu. Akaandika kitu, akakikata. Alikuwa amekuja kumkamata mtu mlegevu, akamkuta mkali kuliko yeye. Kama mche mmoja ulikubaliwa kimakosa mahali popote, haikuwa Mbuchi.

Hatua kumi na moja zikaisha. Mwamini hakufurahi, uso wake ulizidi kukaza. Angeonekana na kosa, kosa lingesahihishwa. Bila kosa ilibaki tafsiri moja tu, na aliijua kama tulivyoijua.

"Basi niandike nini?" Nurdini aliuliza, zaidi akijiuliza mwenyewe.

"Andika umeona."

Ilikuwa saa ya chakula. Mashavu alileta wali na kamba wa nazi, tukala haraka kuliko chakula kile kilivyostahili. Tulipomaliza Nurdini aliomba mfuko wake.

"Mashavu, mteremshie mgeni mbegu zake," Mwamini alisema.

Neno lile, kuteremsha, lilimfanya Nurdini ainue kichwa. Akainuka, akamfuata Mashavu hadi mlango wa jikoni, nami nikamfuata yeye. Juu ya mafiga, pale moshi unapotafuta njia ya kutokea, kulikuwa na uchaga wa fito nyeusi zinazong'aa kwa masizi. Mashavu alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa akashusha mfuko wa karatasi. Kando yake palikuwa na kikanda cha ukindu.

"Hicho ni nini?"

"Masalia ya sampuli uliyompa wifi mwezi wa saba."

Nurdini alikishika. Kilikuwa na joto kama mkate. Alikileta kwenye pua, kilinuka moshi na nazi.

"Bi Mwamini. Hizi ulizipandisha huku lini?"

"Siku niliyozipokea."

"Ukazishusha lini?"

"Siku ya kuziotesha. Ilipita wiki, maana Dadi alikuwa anaumwa."

"Kwa nini hukuandika?"

Mwamini alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuandika kuwa alipumua. "Niandike nini? Mbegu ikiingia ndani inakwenda juu ya moto. Kwa mama ilikuwa hivyo, kwa bibi ilikuwa hivyo. Haikai chini na haikai kwenye baridi. Hiyo si kazi ya kupima, mwanangu. Hiyo ni kuipokea. Fomu yako inaanza kwenye kuhesabu."

Nurdini alipanda juu ya kile kinu na kipimajoto chake. Mashavu, bila kuambiwa, akachochea moto. Joto lilipanda hadi arobaini na tatu, arobaini na sita, likatulia arobaini na tisa. Alishuka akiwa na masizi kwenye paji la uso na akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekuta funguo mfukoni mwake.

"Mpunga uliovunwa karibuni unalala," alisema. "Uko hai, lakini umelala. Ukiupa maji hauamki. Ukiupa joto kavu, digrii hamsini, siku tano hivi, unaamka. Nililisoma chuoni. Lilikuja kwenye mtihani, nikapata alama nane kati ya kumi. Kisha nikaandika fomu nzima bila kulikumbuka."

"Zako zilikaa wapi?" Mwamini aliuliza.

Nurdini alijifuta masizi kwenye paji la uso. "Kwenye friji ya Bi Parin. Nyuma ya soda. Niliogopa wadudu."

Mashavu alishika mlango kwa kucheka. "Ya Kibiti mmeifunika shuka kabisa."

Abdulhalim, tuliposema naye kwa simu, alikiri kuwa zake zilikaa kwenye kopo, uvunguni mwa kitanda, chini sakafuni. Lakini akaongeza, na alikuwa na haki ya kuongeza: "Hadithi nzuri. Sasa nionyesheni."

Mwamini hakutaka kingine. Masharti aliyatoa yeye, na kila moja lilikuwa kali kwake kuliko kwa wengine. Mbegu zichanganywe upya, hadharani. Nusu ikae kwenye oveni ndogo ya Nurdini, digrii hamsini, siku tano, nusu isiguswe. Kisha kila mpimaji apewe mifuko miwili yenye herufi, asijue upi ulipata joto. Orodha ya herufi akae nayo mtu asiyelima wala kupima. Wote watatu wapimie Kibiti, chumba kimoja, na mtu asihesabu peke yake.

"Na Ringa ikishindwa?" Nurdini alimuuliza.

"Ikishindwa, nimekosea mbele ya watu. Si gizani."

Bi Parin alikubali kushika orodha. Babu yake alifungua duka Mohoro, baba yake akalihamishia Kibiti, na yeye ameuza mbegu kwa miaka thelathini bila kuziona zikihesabiwa namna hii. Nilimsalimia kwa Kigujarati akanijibu, kisha akarudi kwenye Kiswahili palepale kwa sababu Mwamini alikuwa amesimama nasi. Aliandika herufi sita, akaichanganya mifuko kwa mikono miwili, akaitia orodha kwenye bahasha na bahasha kwenye droo ya duka.

Siku ya tano nilirudi. Ni siku ya hesabu ya kwanza, na kwa watu wa kawaida haina la kuonyesha: visahani ishirini na vinne, karatasi zenye unyevu, vichipukizi vya kijani. Lakini wote watatu walikuwa wameinama kama wanaotazama kisimani. Katika baadhi ya visahani miche ilikuwa imesimama tele kama nywele za mtoto. Katika vingine palikuwa na mapengo, punje za dhahabu zimetulia, hazikuoza, hazikuota.

"Usiseme kitu," Mwamini alimwambia Abdulhalim, aliyekuwa amefungua mdomo.

"Sijasema."

"Ulikuwa unavuta pumzi ya kusema."

Siku tisa zilizofuata Mwamini alilala kwa binamu yake pale Kibiti na kuja chumbani kila alfajiri kuangalia unyevu. Mara mbili umeme ulikatika mchana, mara mbili akasimama mlangoni na kipimajoto mkononi mpaka ukarudi. Mashavu alipiga simu kila siku kuuliza, akajibiwa kila siku kuwa bado.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Jumamosi. Walihesabu tangu saa mbili asubuhi. Kila mche ulishikwa kwa kibano, ukageuzwa, ukawekwa kulia au kushoto, na mwenzake wa pembeni akakubali au akabisha. Mwamini alibishana na Nurdini juu ya mche mmoja kwa dakika kumi, akitaka ukataliwe, ingawa hakujua kama ulikuwa wa kumsaidia au wa kumwangusha. Ulikataliwa. Karibu na adhuhuri namba sita zilikuwa ubaoni, herufi kando yake, na hata kabla ya bahasha kufunguliwa kila mtu aliona jambo: zilikuwa zimekaa makundi mawili, tatu juu, tatu chini, na katikati hapakuwa na kitu.

Bi Parin aliingia na bahasha, akavaa miwani, akachukua muda wake wote.

"Zisizoguswa: B, C, F."

Sabini. Sitini na nane. Sabini na moja. Zilikuwa zimepanda kidogo tangu mwezi wa saba. Nurdini alisema kwa sauti ndogo kuwa zimeanza kuamka zenyewe.

"Za joto: A, D, E."

Tisini, kwa mkono wa Abdulhalim. Tisini na mbili, kwa mkono wa Nurdini. Tisini na moja, kwa mkono wa Mwamini.

Abdulhalim alisogea ubaoni, akaweka kidole kwenye tisini yake kama anayepima kitambaa, akageuka. "Dada Mwamini, umenishinda kwa punje moja katika mia. Nitailalamikia."

"Lalamika. Fomu unayo."

Nurdini alikuwa ameshavuta karatasi safi. Alikata hatua ya kwanza aliyoiandika mwenyewe, akaisogeza hatua ya tatu, akampa Mwamini kalamu. Mwamini aliandika kwa mwandiko wa shule, taratibu, akituuliza tahajia mara moja tu. Ya kwanza: "Andika mbegu ilivunwa lini, na tangu hapo imekaa wapi." Ya pili aliandika Nurdini, ya digrii hamsini na siku tano, chini ya macho ya Mwamini, na chini yake wakatia saini wote watatu. Wakati huo nilimwona Nurdini akiinama kuokota mfuko wa masalia uliokuwa kando ya mguu wa meza, akaupandisha rafuni, juu kabisa, bila kuambiwa na mtu.

Lebo za magunia ziliandikwa jioni ile. Lakini kabla ya hapo Mwamini alitoka nje, akasimama kati ya ndoo za mbolea, akapiga simu Mbuchi. Alipenda spika, kwa hiyo tulisikia wote.

"Mashavu. Mwambie Dadi na wenzake magunia yasiende mashineni. Hata moja."

"Ngapi, wifi?"

"Tisini na moja."

"Ile ile?"

"Ile ile."

Sufuria ililia mahali fulani nyuma yake. "Basi na mimi niandikwe."

"Uandikwe kwa lipi?"

"Siku zile saba za mwezi wa saba, moto chini ya hizo mbegu nani alikuwa anauchochea? Wewe ulikuwa umekaa kibarazani na daftari."

Mwamini alifunua daftari la kijani palepale, simu akiibana kwa bega, akarudi hadi ukurasa wa mwezi wa saba. Kando ya tisini na moja ya kwanza palikuwa na nafasi.

"Nakuandika," alisema. "Ulikuwa unapika nini?"